Umeingia, Nyumba Haimo: Vidokezo 9 vya Maonyesho ya Usanifu Chuoni

Mjomba wangu ni mwashi. Amejenga Tanga, amejenga Pangani, na siku alipotua New York kitu cha kwanza alichofanya uwanja wa ndege ni kuigonga nguzo kwa kifundo cha kidole, asikilize kama ndani ni zege au ni urembo tu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wa kumpeleka kwenye maonyesho ya chuo cha usanifu majengo. Tukaenda. Akazunguka ukumbi mara moja, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake, kisha akanirudia: "Mwanangu, nyumba zenyewe ziko wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ukienda kutazama picha za Tingatinga, picha iko mbele yako. Ukienda kutazama vinyago vya Kimakonde, mpingo wenyewe uko pale. Maonyesho ya usanifu yana kasoro ya kuzaliwa nayo: kile kinachoonyeshwa hakimo chumbani. Kiko Groningen au Tokyo, au hakijajengwa na huenda hakitajengwa kamwe. Kilichopo ni karatasi, kadibodi, picha na maneno, na mtu asiyejua la kutafuta hutoka baada ya dakika kumi akidhani amechezewa shere.

Tangu siku ile nimekuwa nikiokota vidokezo, vingine kutoka kwa mjomba mwenyewe, hasa katika vyuo vitatu: Cooper Union mjini New York, Yale kule New Haven, na Architectural Association ya London, ambayo kila mtu huiita AA.

1. Hakikisha pamefunguliwa

Kumbi hizi kwa kawaida hazitozi kiingilio, na hapo ndipo penye mtego. Mahali pasipouza tiketi hapana haraka ya kukufungulia. Ukumbi wa chuo hufuata kalenda ya chuo: likizo unafungwa, na kati ya maonyesho na maonyesho unafungwa tena ili kuta zipakwe rangi. Chuo kimoja, jina nalihifadhi, kiliniacha barazani nikichungulia kwenye kioo: ngazi ya mpaka rangi, ndoo mbili, na redio. Angalia tarehe asubuhi ileile unayoondoka. Beba na kitambulisho, kwa sababu mlangoni utamkuta mlinzi ambaye habari za sanaa si kazi yake.

2. Tazama jengo kabla ya kutazama kuta

Fundi cherehani hukaguliwa suruali aliyoivaa mwenyewe. Chuo cha usanifu nacho kikaguliwe nyumba kinayoishi.

Jengo kongwe la Cooper Union lilikamilika mwaka 1859 kwa fedha za Peter Cooper, tajiri wa gundi na chuma. Michoro ilipokuwa inaandaliwa, lifti za kupandisha watu zilikuwa bado hazijaingia mitaani. Cooper aliamini zitakuja tu, akaamuru shimo la lifti liachwe tangu chini hadi juu. Akaamuru tena liwe la mviringo, maana kwa hesabu zake hilo ndilo umbo la maana. Lifti zilikuja kweli, lakini zikaja za pembe nne, na baadaye ikabidi itengenezwe lifti maalumu ya mviringo ya kulienea lile shimo. Mjomba alicheka sana kwa habari hii. Kwake hiyo ndiyo hadithi ya kila mwenye nyumba aliyemwamuru fundi aache nafasi ya kitu ambacho bado hajakinunua.

Chini ya jengo hilohilo kuna ukumbi mkubwa ambamo Abraham Lincoln alihutubia tarehe 27 Februari 1860, kabla hajawa rais. Ukumbi wa maonyesho wenyewe, unaobeba jina la Arthur A. Houghton, uko ghorofa ya pili. Hiyo ni kwa hesabu ya Wamarekani, ambao huanza kuhesabu pale chini. Kwetu ni ya kwanza.

Yale ni mwendo wa saa mbili hivi kwa treni kutoka kituo cha Grand Central, New York, na jengo la shule ya usanifu ni la kutembea na viganja. Lilibuniwa na Paul Rudolph, aliyekuwa mkuu wa idara yenyewe, likafunguliwa mwaka 1963. Kuta zake za zege zina matuta ya kusimama, na kila tuta limevunjwa ncha. Mjomba alipitisha kiganja, akakivuta haraka kama aliyegusa kibanzi cha mbao mbichi. "Hii imegongwa nyundo kwa mkono," akasema. Ndivyo ilivyokuwa: zege ilimwagwa kwenye kalibu zenye mifereji, kisha vibarua wakapita na nyundo, tuta kwa tuta, mpaka kokoto zikaonekana. Ndani, sakafu zinapanda na kushuka mpaka mtu anapoteza hesabu. Wanaozihesabu husema ni ngazi 37 za sakafu. Mwaka 1969 jengo liliungua vibaya. Lilirudishiwa hadhi yake mwaka 2008 chini ya Charles Gwathmey, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Rudolph, na sasa linaitwa Rudolph Hall.

Ukimaliza, vuka barabara tu. Upande wa pili liko jumba la sanaa la Yale alilolibuni Louis Kahn, la mwaka 1953. Nalo halina kiingilio. Inua kichwa utazame dari.

3. Kwenye ramani, ingia kwa mlango

Watu wengi huitazama ramani ya nyumba kama wanavyotazama zulia: wanasimama mbali, wanasema ni nzuri, wanaondoka. Mjomba hakufanya hivyo. Aliikaribia, akatafuta mlango wa mbele, akaanza kutembea na kidole hewani, bila kugusa kioo. "Naingia hapa. Mkono wa kulia ukuta. Nageuka. Kumbe choo kinatazamana na meza ya chakula!" Kwa sauti. Wanafunzi wawili wakageuka.

Jaribu hivyo. Chukua kwanza ramani unayoijua kichwani, nyumba yetu ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi unaokata katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma, jiko na kisima hukohuko. Ukishaitembea hiyo, utaona ramani ya mgeni yeyote inakuuliza maswali yaleyale. Mgeni anafikia wapi? Anaweza kufika uani bila kupita chumbani kwa mtu? Nani anamwona nani?

Mchoro wa mkato ni jambo jingine, na mimi naupenda kuliko ramani. Nyumba imekatwa kwa kisu kama boflo, nusu moja ikaondolewa, sasa unaona ndani: unene wa ukuta, nafasi chini ya ngazi, dari ilivyoshuka, mwanga unavyopenya. Mchoro wa mkato alioutengeneza Rudolph wa jengo lake la Yale ni maarufu. Umejaa mistari myembamba ya kusimama, mamia kwa mamia, na wengi wamesema kuwa zile kuta za matuta ni mistari ya kalamu iliyogeuka zege.

4. Piga magoti

Modeli zimewekwa juu ya meza, nawe umesimama, kwa hiyo unaziona kama kunguru anavyoziona. Hakuna atakayeishi hapo akiwa kunguru. Inama mpaka jicho lako lifike usawa wa mlango wa modeli, fumba jicho moja, chungulia. Ghafla kuna barabara, kuna kivuli, kuna ukuta unaokuzidi kimo.

Kisha tafuta skeli, ambayo mara nyingi imeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Kwenye 1:100 sentimita moja ni mita moja. Kwenye 1:50 sentimita moja ni nusu mita, na mtu wa kimo cha wastani anakuwa na sentimita tatu na ushei. Marekani bado wanatumia futi na inchi, basi utakuta robo inchi ni futi moja. Usihangaike: hiyo ni 1:48, jirani kabisa wa 1:50 yetu.

Usiguse. Hata kama ni kadibodi, hata kama ni mti uliotengenezwa kwa sponji. Mtu hakulala siku tatu kwa ajili ya mti ule.

5. Maelezo ya ukutani yasome mwisho

Wasanifu wanachora vizuri kuliko wanavyoandika. Ukianza na maelezo, utakutana na sentensi yenye "majadiliano baina ya nafasi na kumbukumbu," utajiona mjinga, utatoka. Tazama kwanza. Maneno baadaye, kama bado una hamu nayo.

6. Tafuta mistari iliyofutwa

Kinachoyatofautisha maonyesho ya chuo na ya makumbusho makubwa ni kwamba chuoni unaruhusiwa kuona mtu akikosea. Penseli iliyofutwa nusu. Modeli tano za nyumba moja, ya kwanza ovyo, ya tano safi, na zote zimeachwa mezani kwa mpangilio. Pale ndipo pa kusimama muda mrefu.

Cooper Union wana historia ndefu ya jambo hili. John Hejduk, aliyekuwa mkuu wa shule yake ya usanifu kuanzia 1975 hadi mwaka 2000, mwaka aliofariki, alikuwa na zoezi la miraba tisa ambalo yeye na wenzake walilianzisha Texas miaka ya 1950. Chora mraba, ugawe tatu kwa tatu, kila pembe nguzo: nguzo 16. Hiyo umepewa, huibadilishi. Sasa weka kuta. Basi. Ukisikia unaona ni mchezo wa watoto, na unapoanza unagundua kwamba kila ukuta unaouweka unakuuliza kwa nini haukukaa upande wa pili wa nguzo. Kazi za wanafunzi wa Cooper zilipopelekwa kuonyeshwa kwenye makumbusho ya MoMA mwaka 1971, ilikuwa kazi za darasani zimepewa kuta zilizozoea wachoraji mashuhuri.

Ukitaka kuziona kazi za wanafunzi kwa wingi nenda London mwanzoni mwa kiangazi, mwaka wa masomo unapoisha. AA ilianzishwa mwaka 1847 na vijana waliochoshwa na kujifunza kazi kwa kumtumikia bwana ofisini, na tangu 1917 iko Bedford Square, katika nyumba za zamani zilizounganishwa. Wakati wa maonyesho ya mwisho wa mwaka nyumba zote zinakuwa ukumbi: ngazi, korido, vyumba vya juu. Utapotea. Ni sawa kupotea.

Aliye Dar es Salaam au Nairobi asijione amekosa. Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha usanifu, na kila mwanafunzi wa usanifu duniani lazima siku moja abandike kazi yake ukutani aitetee mbele ya walimu. Mtafute mwanafunzi mmoja umuulize siku hiyo ni lini. Kumwona mtu akitetea ngazi zake mbele ya watu watano wenye mashaka ni burudani isiyopungua ile ya ngumi.

7. Angalia kilichobeba maonyesho

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, nacho nakieleza kwa kisa cha mwanafunzi mmoja wa Hejduk.

Shigeru Ban, Mjapani, alihitimu Cooper Union mwaka 1984. Miaka miwili baadaye alipewa kazi ya kupanga maonyesho ya Alvar Aalto, msanifu wa Ufini aliyependa mbao, katika ukumbi wa Axis mjini Tokyo. Ban angetaka mbao, zimfae Aalto. Fedha hazikutosha, na tena ni ufujaji kununua mbao za kutupwa baada ya wiki chache. Lakini alikuwa na mirija ya karatasi, ile minene inayobaki katikati kitambaa kikishafunguliwa chote. Maduka ya vitambaa huwa nayo, huitupa nyuma ya kaunta. Ban akaipanga ikawa kuta na dari ya maonyesho, akashangaa jinsi ilivyo imara.

Maonyesho yakaisha. Mirija haikuisha. Mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walikuwa kambini kwa mamia ya maelfu, Ban alikwenda Geneva kuzungumza na UNHCR. Shida ilikuwa miti. Familia zilipewa turubai, nguzo wakazitafute wenyewe, na misitu ikawa inakwisha. Zikajaribiwa nguzo za alumini. Alumini ina bei, watu wakaiuza, wakarudi kukata miti. Mrija wa karatasi hauna wa kuununua, na unabeba turubai vilevile. Mwaka 1999 mahema ya majaribio ya mirija ya karatasi yalisimamishwa Byumba, Rwanda. Kabla ya hapo Ban alikuwa ameshawajengea watu wa Kobe nyumba za mirija baada ya tetemeko la 1995, msingi wake makreti ya bia yaliyojazwa mchanga. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani hii. Baadaye akaitwa kubuni makazi Kalobeyei, Turkana.

Kwa hiyo unapoingia ukumbini, usitazame picha tu. Tazama ilivyotundikwa. Meza imetengenezwa na nini? Ukuta ule wa muda umeshikwa na nini, na wiki ijayo utakwenda wapi? Wanafunzi wengi hujenga vifaa vya maonyesho kwa mikono yao, kwa plaiwudi na vipande vya dukani, na pengine hapo ndipo penye wazo kubwa la mwaka huo, limesimama kimya chini ya modeli ambayo kila mtu anaipiga picha.

8. Usiidharau isiyojengwa

"Hii ilijengwa wapi?" aliuliza mjomba mbele ya kila mchoro. Nikijibu haikujengwa, aliguna, akahamia mwingine.

Hapa hatukubaliani. Mwaka 1973 Hejduk alibuni nyumba ya ajabu. Katikati ukuta mmoja mkubwa wa kijivu, peke yake, kama pazia la zege. Upande mmoja ngazi na korido ndefu. Upande wa pili vyumba vya kuishi, kila kimoja juu ya kingine, vya mapindo na rangi. Kutoka chumba kwenda chumba lazima uuvuke ule ukuta. Haikujengwa. Miaka ikapita, wanafunzi wakauiga mchoro, ukaonyeshwa, ukachapwa, mpaka mwaka 2001 nyumba ikasimamishwa Groningen, Uholanzi. Hejduk alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla.

Zaha Hadid naye, aliyesoma AA, mwaka 1983 alishinda shindano la kubuni klabu juu ya kilima cha Hong Kong. Haikujengwa. Alichobaki nacho ni picha alizopaka rangi, milima na majengo vikipasuka kama vioo, na AA wakazionyesha mwaka huohuo. Jengo lake la kwanza kubwa kukamilika, kituo cha zimamoto cha kiwanda cha Vitra kule Ujerumani, ni la 1993. Miaka kumi watu walimjua kwa karatasi. Mwenyekiti wa AA wa siku zile, Alvin Boyarsky, alikuwa akizionyesha na kuzichapa karatasi za namna hiyo bila kungoja zege.

Nilimsimulia mjomba habari hizi tukiwa kwenye treni. Alinyamaza mpaka kituo cha Stamford. "Na ramani ya nyumba ya marehemu babu yako," akasema, "ninayo sandukuni tangu 1981." Sikuwahi kujua kwamba babu alikusudia kujenga.

9. Uliza nani kayafyatua matofali

Mwaka 1954 AA ilifungua kozi ya usanifu wa nchi za joto, kwanza chini ya Maxwell Fry, baadaye Otto Koenigsberger, na wanafunzi wakaja kutoka makoloni yaliyokuwa yanaelekea uhuru. Mwaka 1971 kozi ilihamia chuo kikuu cha UCL. Historia hiyo imerudi kwenye kuta za maonyesho karibuni: makumbusho ya V&A, kwa kushirikiana na AA na chuo cha Kumasi, waliipeleka Venice mwaka 2023 wakiitazama Afrika Magharibi, na mwaka 2024 wakaipanua London kwa habari za Ghana na India. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyepita hapo hakuhitaji mkalimani. Kuta za matofali ya matundu, vizuia jua vya zege juu ya madirisha, korido wazi zinazopitisha upepo: wengi wetu tumesoma shule ya msingi ndani ya majengo ya aina hiyo, tukichungulia barabarani kupitia matundu yale mwalimu akiwa ubaoni.

Siku moja, kwenye maonyesho mengine madogo ya picha za majengo ya miaka ile, nilipiga picha ya ukuta mmoja wa matundu nikamtumia mjomba, ambaye alikuwa ameshapanda ndege kurudi nyumbani. Jina la msanifu lilikuwepo, mwaka ulikuwepo, mpiga picha alikuwepo. Jibu likaja la sauti, jogoo akiwika nyuma yake: "Uzuri nimeuona. Sasa, kayafyatua nani?"

Nikarudi ukumbini. Katika picha nyingine ya jengo lilelile wamesimama wakubwa wenye suti, mmoja kashika ramani iliyofunguliwa. Kona ya kushoto, nje kidogo ya kivuli, kuna mtu ameinama, mgongo kwa kamera, kalibu mkononi. Nikaikuza kona ile peke yake, nikaituma.

"Huyo," akajibu mjomba.